Naombeni uzoefu: Alhamisi natolewa damu ya vipimo, mara ya mwisho nilizimia

FundiMshazari

Wakuu, heshima kwenu.

Naomba nieleze vizuri ili mkinicheka mjue mnachocheka. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 44, niko Morogoro. Mwaka wa 23 huu nakaa nyuma ya sindano. Kidole changu cha shahada kimeshapitiwa na sindano mara nne, na mara mbili kati ya hizo ilitokea upande wa pili na uzi wake. Nikazungusha gurudumu kwa mkono taratibu, nikaitoa, nikafunga kitambaa, nikamalizia suti ya watu maana harusi ilikuwa kesho yake. Kwa hiyo habari ya "mwanaume mzima anaogopa sindano" tuiweke pembeni. Kuchomwa nimezoea.

Shida yangu ni nyingine. Mwaka 2008 niliomba kazi kiwandani, tukatumwa kupima afya. Nikakaa kwenye benchi, yule bwana akanifunga mpira, akachoma. Kusema kweli haikuuma. Nikaiangalia ile damu inavyopanda kwenye bomba, nyeusi kuliko nilivyotegemea, na nakumbuka niliwaza kitu kimoja tu: hii inatoka ndani kabisa. Hapo hapo masikio yakaanza kuvuma kama feni mbovu. Mdomo ukajaa mate. Nikapiga miayo kama mitatu hivi mfululizo, nikajiuliza mbona usingizi saa nne asubuhi. Kilichofuata ni sakafu. Kidevu kilipasuka, nikashonwa nyuzi tatu, na aliyenishona, Mungu amsamehe, mishono haikulingana hata kidogo. Kila nikinyoa ndevu naiona kazi yake. Watu wa foleni walicheka wazi wazi. Kazi yenyewe sikuipata, sijui ni kwa sababu hiyo ama nyingine.

Tangu siku hiyo nakwepa. Malaria napimwa kidoleni, basi. Sasa juma lililopita nilienda zahanati kwa ajili ya kiu isiyoisha, wakanitoboa kidole, sukari ikasoma 9.8. Nilikuwa nimetoka kunywa soda. Daktari akasema kwa namba hiyo hawezi kuamua lolote, nirudi hospitali kubwa Alhamisi asubuhi bila kula, nikatolewe damu ya mkononi: sukari, figo, mafuta na FBP, yaani kipimo cha picha nzima ya damu. Karatasi ninayo hapa mezani, nimeiwekea mkasi juu nisiione.

Mke wangu anataka kunisindikiza. Nimekataa, ila moyoni nataka.

Ninachouliza: waliotolewa damu karibuni, mnahisi nini hasa, tangu mpira mpaka pamba? Kwa nini mtu asiyeogopa kuchomwa anazimia? Na hiyo sindano, kwa lugha ya fundi, ni namba ngapi?

---

ChumviKidogo

Mkuu, wewe umechoma vitambaa vya watu miaka 23 bila kuwaomba ruhusa. Zamu yako imefika 😂😂

Natania, pole. Ngoja waje wenye fani.

---

MaabaraBaridi

Fundi, pole na kidevu. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, natoa watu damu kila siku ya Mungu, mwaka wa 11 huu, huku Njombe. Na nikuambie, wanaoanguka kwangu siyo wale wanaolia mlangoni. Ni mabaunsa, askari na mafundi ujenzi.

Nianze na namba, maana hilo swali sijawahi kuulizwa na limenifurahisha. Sindano zetu zinahesabiwa kwa geji, na geji inakwenda kinyume na cherehani: kwenu namba ikipanda sindano inanenepa, kwetu namba ikipanda sindano inakonda. Ya kumtoa mtu mzima damu mara nyingi ni geji 21, unene wake milimita 0.8. Nimempigia shemeji yangu anayeshona, kaniambia pakiti zenu zimeandikwa namba mbili, kama 80/12 au 90/14, na kwamba 80 maana yake ni hiyo hiyo milimita 0.8. Basi ya kwangu ni sawa na namba 12 yako. Unayoshonea jinzi ni nene kuliko ninayokuchoma nayo. Tofauti ni kwamba ya kwangu ni bomba, ina tundu katikati, na ncha yake imekatwa mshazari kama jina lako. Ule mkato tunauelekeza juu, tunaingiza kwa kulaza, haizidi nyuzi 30. Nyuzi za hesabu, siyo za kidevu.

Sasa unachohisi. Mpira ukifungwa juu ya kiwiko unabana kama mtu amekushika mkono kwa hasira, vidole vinajaa, mkono unakuwa mzito. Ukizidi dakika moja kabla hujachomwa, sema, ni haki yako, na majibu yenyewe yanaweza kuharibika. Halafu utaona nakubonyeza bonyeza kwa kidole na kuangalia ukutani. Siyo dharau, macho hayanisaidii. Mshipa natafuta kwa kidole. Mshipa mzuri unarudisha kidole kama tairi la baiskeli lililojazwa nusu. Huku kwetu Julai asubuhi mishipa yote imeingia ndani kwa baridi, naanza kwa kumpa mtu kikombe cha maji ya moto akishike kwanza.

Kisha spiriti, baridi. Hapa nikuibie siri: ule mwasho mkali ambao watu wanausimulia, mara nyingi ni spiriti ambayo haijakauka. Mhudumu mwenye haraka anafuta na kuchoma hapo hapo, spiriti inaingia na sindano. Ikiachwa kama nusu dakika ikauke, unabaki mchomo wenyewe tu, sekunde moja au mbili. Kidole kinauma zaidi, kwa sababu ncha ya kidole imejaa mishipa ya fahamu. Wewe umeshapita pabaya.

Sindano ikishakuwa ndani haiumi. Unajua tu kwamba kuna kitu, kama kijiti kilichobaki ndani ya soksi. Kila nikibadilisha chupa utahisi kisukumo kidogo. Mpira ukifunguliwa unasikia joto linashuka mpaka vidoleni. Kutoka kwa sindano wengi hawakusikii kabisa. Lakini ukihisi kama shoti ya umeme inakimbia mpaka kwenye vidole, usijikaze kiume, sema wakati huo huo, hapo tumegusa neva na sindano inatoka.

Chupa zitakuwa tatu nadhani. Kifuniko chekundu kwa figo na mafuta, cha zambarau kwa FBP, cha kijivu kwa sukari. Jumla labda mililita 12 au 13, hazifiki vijiko vitatu vidogo vya chai, na wewe una karibu lita tano. Utaona tunafuata mpangilio, nyekundu kwanza, zambarau baadaye. Dawa iliyomo kwenye zambarau ina potasiamu, tone likihamia kwenye chupa ya figo, majibu yatasema potasiamu yako imepanda, daktari apate presha bure. Na kijivu ina dawa ya kuzuia damu isile sukari. Ndiyo, seli zikiwa ndani ya chupa bado zinaishi, zinaendelea kula. Damu ikikaa saa mbili mezani kwenye chupa isiyo sahihi, mgonjwa wa kisukari anaweza kuonekana mzima.

Kuhusu kuzimia nitarudi, kuna mtu dirishani.

---

MwanaPwani_Tanga

Shikamooni wakubwa.

Dada wa maabara umeeleza vizuri, ila swali langu la kijinga: hizo chupa tatu zikishapimwa tone moja moja, inayobaki inakwenda wapi? Bibi yangu, Mungu amrehemu, mpaka anakufa hakukubali kutolewa damu. Alikuwa akituambia habari za mumiani tukiwa wadogo, kwamba wapo watu wananyonya damu za watu wakauze, na gari jekundu likipita usiku tunaingia uvunguni. Mimi nimesoma, naelewa, lakini sindano ikiingia namkumbuka bibi.

---

MaabaraBaridi

MwanaPwani, marahaba. Siyo swali la kijinga, naulizwa kila juma, wengine wananiuliza kwa macho tu. Inayobaki inakaa kwenye jokofu siku chache ili daktari akitilia shaka jibu turudie bila kukuchoma tena. Baadaye inateketezwa na takataka hatarishi nyingine. Haiwezi kuongezewa mtu: imeshachanganywa na dawa za chupa, na ni kiasi cha kulowesha kitambaa. Mtu anayechangia damu anatoa mililita 450 kwenye mfuko maalumu, na anajua anachangia.

Haya, fundi. Kuzimia.

Umesema mwenyewe huogopi kuchomwa, nakuamini. Mwili wako una tabia yake. Ukiogopa nyoka, moyo unakwenda mbio na presha inapanda, na mtu ambaye presha imepanda hazimii, anakimbia. Damu ni tofauti. Kwa baadhi ya watu moyo unaanza kukimbia, halafu ghafla unakatwa breki: mapigo yanashuka, mishipa ya miguuni inalegea, damu inabaki chini, kichwani haifiki ya kutosha. Miayo, mate, jasho baridi, mvumo masikioni, macho kuona kama kupitia mrija, hizo zote, na ulizoandika wewe zimo, ni dalili za kitabuni kabisa. Mara nyingi liko kwenye familia. Muulize baba au shangazi yako, usishangae.

Dawa yake ya kwanza ni kulala. Mtu aliyelala tayari hana pa kuangukia. Fika dirishani, kabla hujakaa sema: "Mimi huwa nazimia." Neno hilo moja. Maabara nyingi zina kitanda, na hakuna mhudumu mwenye akili anayetaka kukuokota.

Ya pili ni kukaza misuli. Njia hii ilitengenezwa Sweden miaka ya 1980 kwa ajili ya watu wa aina yako hasa. Unakaza mapaja, tumbo, na mkono ule usiochomwa, kwa sekunde 10 mpaka 15, mpaka usikie uso unapata joto. Unaachia sekunde 20 au 30, lakini usilegee kabisa. Unarudia. Mara tano. Presha inapanda kidogo na damu inarudi juu. Anza kujizoeza leo kwenye cherehani, usisubiri Alhamisi. Mkono wa kuchomwa tu ndio uuache ulegee, mkono uliokazwa mshipa unajificha. Na usifungue funge ngumi mara nyingi kama tulivyozoea kuona, hiyo nayo inapandisha potasiamu ya uongo. Ngumi moja inatosha.

---

FundiMshazari

Dada, nimesoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaza mapaja. Mteja kaniuliza kama natafuta choo.

Baba yangu nimempigia. Akakaa kimya kwanza. Halafu akaniambia mwaka 1979 alipotoka vitani alipangwa kwenye foleni ya kupimwa akaanguka mbele ya kikosi kizima, na hajawahi kumwambia mtu, hata mama.

Maji ninaweza kunywa asubuhi hiyo? Na chai bila sukari je?

---

MaabaraBaridi

Maji kunywa, tena kunywa ya kutosha, mshipa unajaa. Chai hapana, hata ya mkandaa. Mwisho wa kula iwe saa mbili usiku, ukichomwa saa mbili asubuhi umetimiza saa 12. Kama kuna dawa unazotumia kila siku, muulize daktari aliyekuandikia, usiziache kwa ushauri wa mtandaoni, hata wangu.

Msalimie baba.

---

MamaPili_Mwz

Mimi siyo mtaalamu, ni mama tu. Mwanangu wa pili ana selimundu, ana miaka saba sasa. Anatumia haidroksiyurea, dawa ya selimundu, kwa hiyo FBP kwake ni jambo la kawaida kama kunyolewa. Nimeshika ule mkono mdogo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, basi niseme niliyojifunza.

Usimdanganye mtu kwamba haiumi. Mwanzoni nilikuwa namwambia "haiumi mama, kama mbu tu". Siku ya pili alivyoniona tu navaa kitenge cha kwenda kliniki akajifungia chooni. Sasa namwambia: itauma, hesabu mpaka tatu, ikifika tatu imeisha kuuma. Na kweli ikifika tatu anafungua macho.

Anachagua mkono yeye. Hata kama nesi anajua kwamba wa kushoto ndio wenye mshipa, anaulizwa, naye anatoa ule ule wa kushoto kwa maringo. Kwake wanatumia sindano ya kipepeo, ina mabawa mawili ya plastiki na mrija mwembamba, na wanatoa nyuma ya kiganja. Tukitoka nyumbani namvisha soksi mikononi hata kama jua linawaka, watu wa daladala wananiona mwendawazimu. Lakini baridi inaficha mshipa, na kwa mtoto wa selimundu baridi yenyewe ni adui.

Kuna siku moja walimchoma mara sita. Sita. Mhudumu alikuwa mgeni, hakutaka kuita mwenzake. Mwanangu hakulia ile ya sita, alimwangalia tu, akamwambia, "Anti, pumzika kwanza." Mimi ndiye niliyetoka nje kulia.

Kaka fundi, mchukue mkeo. Mimi ninayesindikiza nakuambia, kukataliwa kunauma kuliko kusubiri kwenye benchi.

---

MaabaraBaridi

Mama Pili, mara sita haikubaliki. Sisi tumefundishwa: mara mbili, ukishindwa unaita mwenzio. Hakuna aibu, hata mimi kuna asubuhi mkono unakataa. Mzazi ana haki ya kusema inatosha, muite mwingine.

"Anti, pumzika kwanza." Hilo nitalibeba kazini kesho.

---

Kijana_wa_Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nilidungwa mwezi uliopita, vipimo vya kwenda kazini Ghuba, wakatoa vichupa vitano. Yangu ni fupi: usiangalie. Watu watakwambia jasiri aangalie. Mie niliangalia dari, nikahesabu misumari ya mabati, ilikuwa ishirini na mbili na mmoja umetoka. Nikashtuka kaniambia "haya bonyeza pamba".

Na ile pamba bonyeza kwelikweli! Mie niliukunja mkono kama vile nimedaka mpira wa miguu kifuani, nikabeba mfuko wa unga na mkono ule ule. Kufika nyumbani nina doa la zambarau kama embe lililopondeka, wiki nzima. Mamangu akadhani nimepigwa.

---

MaabaraBaridi

Likoni yuko sawa. Mkono unyooke, usikunjwe. Ukiukunja, tundu la ngozi linaachana na tundu la mshipa, ukija kuunyoosha damu inavujia chini ya ngozi. Bonyeza dakika tatu mpaka tano, usisugue, usichungulie kila baada ya sekunde kumi. Na mkono huo usibebe kitu kizito siku hiyo.

---

FundiMshazari

MREJESHO.

Wakuu, nimerudi mzima, kidevu hakina nyuzi mpya.

Tulifika saa moja kasoro. Ndiyo, tulifika, wawili. Nilipewa namba 17. Mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja ana bakora, akitoka ndani kila mtu anamtazama mkononi, na yeye anaficha kama ameiba. Nikakaza mapaja, nikaachia. Mke wangu ndiye aliyekuwa anahesabu kwa sauti ya chini, dada mmoja jirani akadhani anasali, akaitikia amina.

Ilipofika zamu yangu nilikwenda dirishani, nikasema lile neno. "Mimi huwa nazimia." Nilikuwa nimeliandaa tangu Jumatatu, na lilitoka kwa sauti kubwa mno, benchi zima likageuka. Yule dada hakucheka. Hakuinua hata macho. Akasema, "Sawa, utalala kitandani," kama vile nimeomba risiti. Miaka yote hii nimekwepa, kumbe ni sentensi ya maneno matatu.

Kitanda kilikuwa na reksini ya kijani, imepasuka ubavuni, sponji imetoka. Nikalala. Mkono wa kushoto akaubonyeza, akanyamaza, akauacha, akaja wa kulia. Akafunga mpira. Kweli ni kama kushikwa na mtu mwenye hasira, dada wa Njombe hukukosea. Spiriti akapaka, halafu akasimama tu anaangalia saa ya ukutani, nikajua anasubiri ikauke, na hapo nikamwamini.

Sikuangalia dari. Dari ilikuwa nyeupe tupu, haina hata msumari. Niliangalia koti lake, maana lilikuwa karibu na uso wangu. Tetroni nyeupe, koti la dukani, mfuko wa chini upande wa kulia. Kona moja ya mfuko imeachia, kama nchi moja na nusu hivi, na uzi unaning'inia. Aliyeshona hakurudia mshono kwenye kona, na kona ya mfuko ndiyo inayobeba uzito wote, kalamu, simu, funguo. Nikawa nahesabu mishono iliyobaki. Mchomo ulikuja nikiwa kwenye wa tisa. Uliuma kidogo kuliko namba 14 ikipita kidoleni, nasema kwa kiapo. Nilisikia pale tu, haukusambaa. Baada ya hapo kweli kikawa kile kijiti cha kwenye soksi.

Chupa ya kwanza sikusikia kitu. Ya pili, nadhani ilikuwa ile zambarau, masikio yakaanza. Ile feni. Mate yakajaa. Nikasema, "Dada, inakuja." Akasema, "Kaza miguu." Mke wangu akanishika kisigino, nikakaza mpaka kitanda kikalia, uso ukapata joto kama niko juu ya pasi ya mkaa. Feni ikapungua. Haikuzima kabisa, ikabaki mbali, kama ya chumba cha jirani. Ya tatu ikajaa. Mpira ukafunguliwa, joto likashuka vidoleni moja baada ya kingine. Akaniambia bonyeza. Sindano kutoka sikuisikia, nilikuwa bado naisubiri itoke.

Sasa kitu ambacho hamkuniambia hata mmoja. Alinionyesha chupa nisome jina kama ni langu. Nikaishika ili nisogeze karibu na macho, siku hizi miwani nimeshaanza kuihitaji. Ilikuwa ya moto! Moto wa chai iliyokaa dakika kumi. Sijui kwa nini nilidhani itakuwa baridi, labda kwa sababu ni chupa na kila kitu pale ndani ni baridi. Nikaishika muda kidogo. Jina ni langu, umri wamekosea mwaka mmoja. Na cha ajabu, kuishika hakukunifanyia chochote, wala masikio hayakuvuma.

Aliniweka pale dakika kumi kabla sijainuka, nikakaa, ndipo nikasimama. Nje mke wangu alikuwa na chapati mbili na chupa ya chai ameficha kwenye mkoba. Nilikula nimesimama.

Majibu jana: figo sawa, mafuta yamezidi kidogo, damu ipo ya kutosha. Sukari ya asubuhi 6.6. Daktari kasema bado haijafika kwenye kisukari, ambacho kwa aliyefunga kinaanzia 7, lakini pia haiko salama. Kaniuliza nakunywa soda ngapi kwa siku. Nikasema mbili. Mke wangu akakohoa. Nikasema nne. Baada ya miezi mitatu narudi kutolewa tena.

Baba nimempigia nikamsimulia, mpaka ile ya kukaza miguu. Akauliza, "Ulilala kitandani?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sisi hatukuambiwa kama kuna kitanda."

---

MamaPili_Mwz

Nimesoma kwa sauti, mwanangu amesikiliza yote. Anasema anajua kwamba ni ya moto, kwa nini hukumuuliza yeye.

---

MaabaraBaridi

Fundi, hongera. Kuhusu umri uliokosewa, ulimwambia akarekebisha? Tafadhali niambie ulimwambia.

---

FundiMshazari

Nilimwambia, akarekebisha mbele yangu na kalamu. Na wakati anairudisha kalamu mfukoni ikaanguka, maana ile kona haishiki. Nikamwambia, dada, mfuko wako umeachia. Akasema umeachia tangu Machi, hana muda wa fundi.

Kalileta jana jioni akitoka zamu. Liko hapa mezani, nimekaza kona zote nne, na kifungo cha pili nimekiongezea mguu.

---

ChumviKidogo

Umetumia sindano namba ngapi?

---

FundiMshazari

12.